Nakuru, Kisumu na Eldoret zisiige Upper Hill

Sensa ya 1969 ilihesabu watu 509,286 jijini Nairobi. Nusu karne baadaye, sensa ya 2019 ikahesabu 570,674 Nakuru mjini na 475,716 Eldoret. Kwa wingi wa watu, basi, Nakuru na Eldoret za leo ndizo Nairobi ya mwaka ule hoteli ya Hilton ilipofunguliwa, mafundi wa mjengo wakiwa kazini KICC, jumba la mikutano ya kimataifa la Kenyatta, na Moi Avenue ikiitwa bado Government Road.

Nakuru ilipewa hadhi ya jiji Desemba 2021, Eldoret ikafuata Agosti 2024. Jiji jipya hutaka kuonekana, na hakuna kinachoonekana upesi kama ghorofa refu. Ndiyo maana michoro ya kompyuta inatufikia kwenye simu kila siku: minara ya vioo, miti iliyonyooka, magari mawili matatu barabarani. Hakuna matatu kwenye michoro hiyo, hakuna mama mboga, hakuna mtu aliyejikinga mvua.

Napenda majengo marefu, na sitaki miji yetu ibaki mabati na vibanda milele. Lakini Nairobi ilipokuwa na ukubwa wa Nakuru ilijenga maghorofa ambayo mpita njia aliyafaidi hata asipopanda lifti. Ilipopanuka na kutajirika, ikajenga marefu zaidi, kama yale ya mtaa wa Upper Hill, yanayomfaa aliye ndani peke yake. Miji yetu midogo bado ina nafasi ya kuchagua kati ya njia hizo mbili, na naogopa inaielekea ile ya pili.

Tuanze na KICC, kwa sababu ndilo jengo ambalo kila gavana angependa kuwa na la kwake. Ujenzi ulianza 1967. Mwanzoni kilikusudiwa kitu kidogo tu, makao makuu ya chama tawala cha KANU. Kisha ikajulikana kwamba mkutano wa mwaka wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa ungefanyika Nairobi Septemba 1973, mara ya kwanza barani Afrika, na nchi haikuwa na ukumbi wa kuwapokea wageni hao. Mchoro ukapanuliwa, na ghorofa zikaongezwa hadi 28, mita 105 kutoka ardhini. Wasanifu wake walikuwa Karl Henrik Nøstvik kutoka Norway na David Mutiso, Mkenya aliyekuwa msanifu mkuu katika Wizara ya Ujenzi. Kwa zaidi ya miaka 20 hakuna jengo nchini lililolizidi urefu. Humo ndimo Robert McNamara, rais wa Benki ya Dunia wakati huo, alitoa hotuba yake juu ya umaskini wa watu wa vijijini, hotuba inayotajwa hadi leo na wanaosoma historia ya maendeleo.

Lakini urefu ni sehemu ndogo ya sifa zake. Simama upande wa City Hall Way ulitazame polepole. Mnara ni wa mviringo, wa rangi ya udongo mwekundu, na madirisha yake yamerudishwa ndani kati ya mbavu za zege zinazosimama wima toka chini hadi juu. Mbavu zile zina kazi. Jua la Nairobi, asubuhi na jioni, huingia kwa ubavu, na ubavu wa zege hulikata kabla halijafika kwenye kioo. Pembeni mwa mnara kuna ukumbi ulioezekwa kwa umbo linalomkumbusha mtu paa la nyumba ya msonge, na mbele yake uwanja mpana ambako sanamu ya Mzee Kenyatta imeketi. Uwanja ule umeona maonyesho, mikutano, maombolezo, wanafunzi wa shule za msingi waliokuja na walimu wao kutoka mbali wakiwa na sare zilizopigwa pasi. Mtu hulipa kiingilio, akapanda hadi juu, akaonyeshwa kwao kuko upande gani. Ni majengo machache ya ofisi duniani yanayomruhusu mtoto wa shule afike kileleni.

Halikuwa bila doa. Kwa miaka mingi jengo lililojengwa kwa jina la taifa lilikuwa mikononi mwa chama, hadi serikali ya muungano wa NARC, iliyoing'oa KANU, ilipolirudisha kwa umma 2003. Hata hivyo usanifu wake ulikuwa wa umma tangu mwanzo.

Majirani zake wa enzi zile na waliotangulia walikuwa na tabia hiyo hiyo kwa viwango tofauti. Ukitoka Kenyatta Avenue ukaingia Kimathi Street, ukazunguka kuelekea Moi Avenue, utapita sehemu nyingi chini ya vibaraza vilivyofunikwa, ghorofa ya kwanza ikiwa imetokeza juu ya njia na kubebwa na nguzo. Sakafu yake imesuguliwa na soli za viatu mpaka inang'aa. Mvua ya saa kumi na moja jioni ikimwagika, watu wote wa tao, yaani katikati ya jiji, hujazana humo: karani mwenye faili kifuani, muuza magazeti anayefunika bidhaa yake kwa nailoni, fundi wa kung'arisha viatu ambaye hana haja ya kuhama kwa sababu tayari yuko mahali pakavu. Hakuna soja anayewafukuza. Mwenye jengo alitoa mita mbili tatu za ardhi yake ghali, na jiji zima linapita humo bila kumuuliza.

Na jiji lilimlipa. Sisi wa Nairobi tunayajua majengo ya katikati ya jiji kama tunavyojua majina ya shangazi zetu. Tukutane Archives. Nishukishe Kencom. Gari za kwenu ziko Khoja ama Odeon? Jengo la Archives lilijengwa 1906 kama benki, halifiki hata nusu ya nusu ya KICC, lakini ngazi zake na kivuli chake vimelifanya kuwa mahali ambapo maelfu ya watu husubiriana. Kipande House, iliyojengwa 1913 kwa mawe na ambako baadaye Waafrika walisajiliwa na kupewa kipande cha kuvaa shingoni, ina mnara ambao kwa vipimo vya leo ni mdogo sana. Bado inajulikana na kila anayepita Kenyatta Avenue, na imehifadhiwa kwa sababu benki iliyoinunua 1976 iliendelea kuitumia. Umaarufu wa jengo haukutegemea mita.

Nisije nikaipaka enzi ile rangi nzuri kupita kiasi. Nyayo House iko pale pale kwenye kona ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway, ghorofa 27, imekamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wengi wetu tumepanga foleni humo tukitafuta pasipoti. Katika miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990, wakati wananchi wakipanga foleni hizo hizo, chini ya miguu yao kulikuwa na vyumba vidogo vya giza ambamo wapinzani wa serikali na watu walioshukiwa tu walifungiwa, wakamwagiwa maji na kuteswa, kisha wakapandishwa kwa lifti ghorofa za juu kuhojiwa. Vyumba hivyo vilifunguliwa kwa umma 2003. Nalitaja jengo hili kwa sababu linaonyesha kitu ambacho michoro ya kompyuta haiwezi kuonyesha: ghorofa refu ni mahali pazuri pa kuficha mambo. Umma ulikuwa na mlango wake, lakini haukujua kilichokuwa juu wala chini. Jiji linalojenga ofisi ndefu za serikali lina haki ya kuuliza kila ghorofa ni ya nani na inafanya nini.

Kisha likaja bomu. Tarehe 7 Agosti 1998 ubalozi wa Marekani kwenye kona ya Moi Avenue na Haile Selassie ulishambuliwa, watu 213 wakafa jijini. Ufundi House iliporomoka kabisa. Co-operative House, mnara mrefu ulio jirani, ilibaki imesimama huku vioo vyake vyote vikiwa vimegeuka mvua ya visu. Kila Mkenya wa umri fulani anakumbuka alikuwa wapi. Mahali pa ubalozi pana bustani ya kumbukumbu sasa, na majina ya waliokufa yameandikwa ukutani.

Naamini siku ile ndiyo iliyobadilisha milango yetu. Kabla yake uliingia jengo la ofisi kama unavyoingia sokoni. Baada yake kukaja vyuma vya kuzuia magari, vioo vya kuchunguza chini ya gari, mlinzi mwenye kifaa cha kupapasia, daftari la majina, na kitambulisho chako kuachwa kwenye kijisanduku mlangoni. Hofu ilikuwa ya haki, na mashambulizi ya kigaidi ya Westgate 2013 na ya Riverside 2019 yaliithibitisha. Lakini kilichobuniwa kama ulinzi kikageuka mtindo wa ujenzi. Msanifu anayechora jengo leo huanza na ukuta, geti na kizuizi cha magari, kisha ndipo anatafuta mahali pa kuweka mlango wa mtu anayetembea. Maduka ya chini, yaliyokuwa yakitazama barabara, yakageuzwa kutazama ndani.

Wakati huo huo fedha zilikuwa zinahama. Miaka ya 1990 katikati ya jiji palikuwa pamechoka. Msongamano ulizidi, maegesho hayakutosha, wachuuzi walikimbizana na kanjo, yaani askari wa jiji, na mabomba ya maji taka yalifurika. Times Tower, mita 140 na ghorofa 38, ilikamilika mwaka 2000 na ndiyo kama ilifunga ukurasa wa minara mikubwa ndani ya tao. Kampuni zikapanda mlima. Upper Hill, iliyokuwa na nyumba za wafanyakazi wa reli zenye bustani kubwa na vijia vyembamba, ikafunguliwa kwa ofisi. Leo kuna UAP Old Mutual, mita 163, na Britam, kama mita 200, iliyokamilika 2017. Kule Westlands kuna Global Trade Centre yenye ghorofa zaidi ya 40.

Britam ni jengo zuri. Naliangalia kila ninapopita Haile Selassie, jinsi linavyoanza kwa umbo la mraba na kujikunja kadiri linavyopanda hadi kwenye ncha, na sioni aibu kusema linanivutia. Lakini nenda Upper Hill saa kumi na moja unusu jioni. Wafanyakazi wanatoka kwa mamia, wengi wao kwa miguu, wakiteremka kuelekea Railways na tao kutafuta matatu. Wanapita kando ya kuta ndefu za mawe, geti baada ya geti, na kila geti linapofunguka gari linatoka na msafara mzima unasimama. Hakuna kibaraza. Hakuna duka la kununua maji njiani isipokuwa la mama aliyetandika bidhaa zake kwenye ndoo, tayari kuhama akiona kanjo. Mtu anaweza kufanya kazi miaka mitano katika mnara wa mita 160 na asiujue mlango wa mnara ulio jirani yake.

Nimejaribu kukumbuka kama nimewahi kumsikia mtu akisema tukutane kwenye jengo lolote la Upper Hill asipokuwa na miadi ndani yake. Sikumbuki.

Na kuna Pinnacle. Mei 2017 Rais Uhuru Kenyatta alizindua ujenzi wa mnara uliotangazwa kwamba ungevuka mita 300 na kuwa mrefu kuliko yote Afrika. Mradi ukakwama katika mgogoro wa ardhi, na mnara haukuinuka. Sherehe ilitangulia hati ya ploti, na huo ndio mpangilio ambao nauona ukirudiwa katika kaunti.

Hapa lazima tuongee hesabu, maana wanaoahidi ghorofa 30 kwenye mji wa watu nusu milioni huwa hawaigusi. Kila ghorofa unayoongeza juu hudai nafasi kwenye zote zilizo chini yake. Unahitaji mashimo ya lifti, na kadiri jengo linavyopanda lifti mbili hazitoshi, zinakuwa nne, kisha sita. Unahitaji ngazi za kukimbilia moto, kwa kuwa ngazi za magari mengi ya zimamoto duniani hufika mita 30 hivi tu. Unahitaji pampu za kusukuma maji, matangi ya kati, jenereta ya kuendesha lifti stima ikipotea. Vyote hivi hula nafasi ambayo ingepangishwa, na gharama ya kila mita ya mraba hupanda. Ardhi ikiwa ghali sana, kama Nairobi, huenda hesabu ikakubali. Ardhi ikiwa na bei nafuu mtaa wa pili tu, kama ilivyo katika miji mingi ya kaunti, hesabu haikubali, na anayejenga hulipia sifa. Mara nyingi sifa hiyo hulipwa na fedha za pensheni, bima au kodi yetu, halafu ghorofa za juu zinakaa miaka zikiwa na mabango ya kutafuta mpangaji. Wahenga walikwisha kutuonya kuhusu kumuiga tembo.

Je, mji mdogo hauwezi kamwe kuwa na mnara wa maana? Unaweza, na mfano ninaoupenda uko mbali sana na kwetu. Winston-Salem ni mji wa jimbo la North Carolina, Marekani, ambao mwaka 1930 ulikuwa na watu kama 75,000, chini ya robo ya Kisumu ya leo. Mwaka mmoja kabla, 1929, kampuni ya tumbaku ya Reynolds ilikuwa imejenga hapo makao makuu ya ghorofa zipatazo 20, ya mawe, yanayopungua upana kwa hatua kadiri yanavyopanda. Wasanifu walikuwa Shreve na Lamb wa New York, na miaka miwili baadaye kampuni yao ndiyo iliyokamilisha Empire State Building kwa sura ya aina hiyo hiyo. Kwa maneno mengine, mji mdogo ulitangulia kupata kile ambacho jiji kubwa lilikuja kukikuza mara tano.

Linalonigusa zaidi ni yaliyofuata. Ofisi za tumbaku zilihama, mnara ukabaki mtupu kwa miaka, na mji ungeweza kuamua kuubomoa. Mwaka 2016 ukafunguliwa tena: ghorofa za chini hoteli na mkahawa, za juu nyumba za kupanga. Iliwezekana kwa sababu upana wa ghorofa zake ni wa kiasi, chumba chochote hakiko mbali na dirisha, na mlango wake mkuu umefunguka barabarani katikati ya mji, hatua chache kutoka kwa mtu anayetembea. Jengo lenye ghorofa pana kama uwanja, lenye giza katikati, lililofungwa kwa vioo visivyofunguka, likiisha kazi yake ya kwanza huwa vigumu mno kupewa ya pili. Katika mji mdogo hili ni jambo zito kuliko katika jiji kubwa. Nairobi ikiwa na mnara mmoja mtupu haitikisiki. Eldoret ikiwa na mnara mmoja mtupu, ndiyo sura ya mji mzima hiyo.

Sasa turudi nyumbani. Miji hii minne, Nairobi, Nakuru, Kisumu na Eldoret, yote iko ndani ya digrii moja na nusu ya Ikweta. Jua letu huchomoza upande wa mashariki na kuzama upande wa magharibi mwaka mzima, bila kuhama sana. Ukuta wa mashariki na wa magharibi ndio unaoungua, na paa la mbele haliwezi kuukinga kwa sababu jua liko chini, linaingia usawa wa macho. Wajenzi wa zamani walilijua hili. Waliyageuza majengo upande mrefu utazame kaskazini na kusini, wakaweka mbavu, mapezi ya zege, matofali yenye matundu. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa yake ni ya kupoa, na ofisi yenye kivuli haihitaji kiyoyozi siku nyingi za mwaka. Ukiifunga ofisi hiyo hiyo kwa kioo upande wa magharibi umejipa bili ya stima ya milele. Kisumu, iliyo kwenye mita 1,130 hivi kando ya ziwa na yenye joto kuliko Nairobi, haina sababu yoyote ya kuuiga mtindo huo. Ina upepo wa ziwa, ambao ni wa bure.

Kisumu ina kitu kingine: Oginga Odinga Street. Maduka ya zamani ya Wahindi yenye vibaraza bado yapo, na kabla ya Africities, mkutano wa miji ya Afrika, wa Mei 2022 mitaa ya katikati ilitengenezewa njia za waendao kwa miguu ambazo Mnairobi akizitembea anahisi wivu. Mtu akija na mchoro wa ghorofa 20 hapo, sharti la kwanza liwe kwamba kibaraza kiendelee. Jengo lisirudishwe nyuma ya ukuta na maegesho. Chini kuwe na maduka yenye milango inayotazama barabara, na madogo kwa upana, ili fundi simu na muuza vitenge waweze kumudu kodi. Juu lipande liwezavyo.

Nakuru ina sababu yake ya kwenda pole. Mji umekaa ndani ya Bonde la Ufa, volkano ya Menengai ikiwa kaskazini yake, juu ya udongo wa majivu ya volkano na nyufa za ardhi zinazojulikana. Tetemeko kubwa zaidi lililowahi kurekodiwa nchini, lile la Januari 1928, lilitokea Subukia, si mbali na hapo, na ukubwa wake ulikuwa karibu 7. Mtu akisema Nakuru sasa ni jiji na kwa hivyo inastahili minara, aulizwe kwanza kuhusu uchunguzi wa udongo wa ploti hiyo, umefanywa na nani na unaweza kusomwa wapi. Nchi hii imezika watu wengi waliokufa chini ya majengo ambayo hayakuchunguzwa. Mtaa wa Huruma jijini Nairobi, Aprili 2016, mvua kubwa usiku, jengo la ghorofa sita kando ya mto likaanguka na kuua watu wapatao 50. Lilikuwa tayari limetiwa alama ya kubomolewa. Nalitaja Huruma katika makala ya majengo marefu kwa makusudi, maana maghorofa mengi ambayo Wakenya wanaishi ndani yake ni ya namna hiyo, ya Huruma na Pipeline, yasiyo na lifti, yasiyo na mwanga, ukuta kwa ukuta, na sheria za ujenzi hazitusaidii kitu kama zinasomwa kwa minara ya benki peke yake.

Eldoret ndiyo inayonipa matumaini na wasiwasi kwa pamoja. Ina fedha za wakulima, za wanariadha, za wafanyabiashara, na watu wenye fedha hizo wanajenga katikati ya mji, tofauti na Nairobi ambako matajiri walikimbia tao. Hilo ni jambo jema sana. Katikati ya mji pakiwa hai, jengo refu linapata wapangaji na mpita njia anapata duka. Lakini barabara za katikati tayari zimejaa, bodaboda wamepanda kwenye njia za miguu, na kila jengo jipya linaongeza magari bila kuongeza upana wa njia ya mtu. Bunge la Kaunti lina uwezo wa kisheria wa kuweka masharti kwenye mpango wa matumizi ya ardhi: kibaraza cha lazima kwenye mitaa fulani, marufuku ya ukuta usio na mlango unaotazama barabara, kiwango cha juu cha maegesho badala ya kiwango cha chini. Masharti haya hayagharimu kaunti hata shilingi moja ya kujenga. Yanahitaji wawakilishi wa wadi wanaosoma michoro kabla ya kuipitisha.

Na Nairobi nayo isijione imemaliza masomo. Hilton ilifungwa mwisho wa 2022 baada ya zaidi ya miaka 50. Mnara wake wa mviringo umesimama mahali ambapo kila mtu anapajua, katika kiwanja chenye barabara pande zote, na watu bado wanasubiriana chini yake ingawa jina lake la hoteli halina maana tena. Ni jengo la vyumba: kila chumba kina dirisha, maji na bomba la kutoa maji taka, vitu ambavyo ni ghali kuviweka kwenye jengo la ofisi linalogeuzwa makazi. Jiji lenye wafanyakazi wanaolala Kitengela na Ruiru kwa kukosa nyumba karibu na kazi linapaswa kuutazama mnara ule kama nyumba mia kadhaa zilizokwisha kujengwa. Wapangaji wangeteremka asubuhi na kutembea dakika kumi hadi kazini, na maduka ya chini yangepata wateja wa usiku, kitu ambacho tao letu limekikosa tangu wakazi wake walipohamia vitongojini. Mazungumzo kuhusu hatima yake yafanyike hadharani, wenye jengo, kaunti na wizara ya nyumba wakiwa meza moja, kabla mtu hajaja na mchoro mpya wa vioo na ukuta wa kuuzunguka.